Kujengwa na jamii si kuwa uongo

Mhariri,

Kila mjadala wa jinsia unapozuka, kuna makosa mawili yanayojirudia. Wa kwanza akisikia kwamba jinsia imejengwa na jamii, hudhani anaambiwa mwanamke na mwanamume ni hadithi tu. Wa pili hushangilia, akiamini kilichojengwa hubomoka mtu akitaka. Sisi tunaofundisha sosholojia tunaomba nafasi, maana makosa haya yanaumiza watu.

Noti ni karatasi iliyopewa thamani kwa makubaliano, lakini asiye nayo hulala njaa. Jinsia nayo ni hivyo hivyo. Mwili una maumbile yake: kromosomu, homoni, viungo vya uzazi. Kilichojengwa ni yale unayobebeshwa mwili huo: nani apike, nani arithi, nani akilia atachekwa, kazi ya nani ilipwe.

Anayetaka kupima asianze na "wanawake" au "wanaume" kwa jumla. Achukue kanuni moja, aiulize: imewahi kuwa kinyume? Ilipobadilika, miili ilibadilika? Anayeivunja huadhibiwa na nani? Swali la tatu ndilo zito. Hakuna mvulana anayechapwa ili aote ndevu, ila wengi huchapwa ili wasilie.

Viatu vya visigino virefu vilivaliwa na wanaume wa tabaka la juu Ulaya katika karne ya 17, Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akiwa mmoja wao. Mfano wa kazi una mafunzo zaidi. Kompyuta ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, waliokuwa wameipangia programu ni wanawake sita, wakichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mkono. Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya ukarani. Sifa zikaenda kwa wanaume waliounda mashine. Baadaye hadhi na mshahara wake vikapanda, ikageuka kazi ya kiume, na sasa msichana anayeipenda huulizwa kama ataiweza.

Kwenye mapenzi na matamanio, umakini zaidi unahitajika. Kupendana kwa watu wa jinsia moja hakukubuniwa na mtu yeyote. Kumekuwapo zama zote. Kilichobuniwa ni kumfanya mtu kuwa aina ya pekee kwa sababu hiyo. Istilahi ya Kijerumani "Homosexualität", iliyozaa ile inayotumiwa na wataalamu kwa kupendana huko, ilichapishwa mwaka 1869 na mwandishi Karl Maria Kertbeny, aliyekuwa akipinga sheria ya jinai ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliyoadhibu tendo la ngono baina ya wanaume. Kabla ya hapo, sheria nyingi za Ulaya ziliadhibu tendo, si aina ya mtu. Kisha madaktari wakaichukua aina hiyo na kuifanya ugonjwa, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoiondoa kwenye orodha ya maradhi mwaka 1990.

Hapa ndipo kosa la pili linapoleta madhara makubwa. Makundi na majina yake ni kazi ya jamii, lakini mwenye hisia hakuziagiza. "Tiba" za kumgeuza mtu hisia hazifanyi kazi, na huwaacha wengi na sonona na mawazo ya kujiua.

Ombi letu kwa gazeti ni dogo: mnapoandika kwamba jambo fulani ni asili ya wanawake au ya wanaume, mtaje ni wa wapi, tangu lini, na nani anafaidika likiendelea kuaminiwa hivyo.

Walimu wa sosholojia