Salamu za Shukrani kwa Mliotubeba Katika Ugonjwa na Msiba wa Mama Yetu

Bwana Yesu asifiwe.

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa mama yetu mpendwa, wa Machame, Kilimanjaro, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipogundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi hadi tulipompumzisha kihambani kwake, shamba la nyumbani. Kumtaja kila mmoja hatutaweza, ingawa mama angetaka tujaribu. Muda wote wa mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, alikuwa na daftari la shule la mjukuu wake, na kila aliyemtendea jema aliandikwa. Si waliotoa fedha tu. Kuna mstari unasema "uji wa ulezi, mama wa kitanda cha jirani", mwingine "kijana wa bodaboda, kakataa nauli". Kijana, jina lako hatulijui mpaka leo; Mungu akubariki ulipo.

Asanteni ndugu zetu wa Mbagala mliomwachia chumba, nanyi mkalala sebuleni. Asanteni vijana wa usharika mliojitokeza kutoa damu, madaktari na wauguzi, wachungaji, kwaya, umoja wa wanawake, na majirani mliochimba kaburi, mkapika na kukesha.

Tuliomba apone. Tulifunga, jumuiya ikafunga pamoja nasi, na mama mwenyewe alishikilia Zaburi ya 27: "Naamini ya kuwa nitauona wema wa Bwana katika nchi ya walio hai." Hakupona. Wapo waliotuuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole, huo wema uko wapi. Uchungu bado ni mbichi na majibu yote hatuna. Ila mama alisema ameuona, tena akiwa hai, akitufunulia lile daftari ukurasa baada ya ukurasa. Ni maneno yake, hatukuyatunga sisi ili kujifariji baada ya kuzika. Tukimshukuru Mungu siku ya kupona tu, basi tutakuwa tumeufuta uji, damu na chumba cha Mbagala.

Katika michango ya matibabu kimebaki kiasi. Kwa makubaliano na kamati, tumekikabidhi chote kwa diakonia ya usharika, yaani huduma ya kusaidia wahitaji, kisaidie nauli na malazi ya mama mwingine atakayepewa rufaa ya Dar es Salaam. Hesabu iko kwa mweka hazina, na aliyechangia ana haki ya kuiona. Akina mama, kapimeni mapema. Na mabinti zetu wapelekwe kwenye chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ambayo nchini imekuwa ikitolewa tangu 2018. Mama aliwasisitizia hilo wajukuu wake hadi mwisho.

Sadaka ya shukrani tutaitoa Jumapili ijayo, ibada ya pili: mikungu ya ndizi za mshare na kahawa kutoka kihambani kwake. Mnada utakuwa nje ya kanisa kama kawaida, msije mikono mitupu. Na kuna masufuria mawili makubwa na turubai moja la bluu bado viko kwetu. Wenyewe mje mchukue.