Kitabu cha wenzetu wa kozi waliotangulia

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma, na lile uliloliuliza mara mbili nalijibu kwanza. Ndiyo, kitabu cha wenzetu wa kozi yetu ya wanamaji jeshini waliotangulia mbele ya haki kiandikwe, tena kiandikwe sasa, wajane wangali hai na makaratasi yangali yanasomeka. Ila usianze na orodha ya majina na tarehe za vifo kama ulivyopendekeza. Orodha ya namna hiyo itamwambia mjukuu siku babu yake alipofariki, basi. Mimi nataka kijana wa Mikindani au wa Ng'apa akifungua ukurasa ajue babu yake alifanya kazi gani baharini, juu ya chombo gani, na nani walimtegemea.

Kila marehemu apewe ukurasa wake. Juu kabisa andika majina yote aliyowahi kutumia, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Mtu wa Newala alizaliwa na jina moja, akatoka jandoni na jingine, mwalimu akamwandikisha kwa la tatu, na karani wa jeshi akaandika alivyosikia. Athumani na Othman huenda ni mtu mmoja. Herufi r na l hubadilishana hata katika vyeti vya mtu yuleyule. Kinachoshika kuliko jina ni namba ya jeshi: ya afisa huanza na P, ya askari na MT. Aliyeanza kama askari kisha akatunukiwa kamisheni anaweza kuwa nazo zote mbili, kwa hiyo usiharakishe kumgawa kuwa watu wawili.

Umri nao una kazi yake. Wengi wa rika letu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa jeshini ulikadiriwa siku ya usaili. Waulize wazee kama alizaliwa kabla au baada ya kimbunga. Kile cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi na Mtwara vibaya, na watu wa kusini wamekitumia kuhesabia umri tangu hapo. Kwa miaka ya kazi tumia nguzo zisizoyumba: Kamandi ya Wanamaji ilianzishwa 1971, Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera Oktoba 1978, MV Bukoba ikazama 21 Mei 1996. Mjane hatakumbuka mwaka mumewe alipopelekwa kituo kipya, lakini atakumbuka kama ilikuwa kabla ya vita vya Kagera, na kama alikuwa amebeba mtoto yupi.

Siku ya kifo pia hukosewa sana, na sababu ni mbili. Kwanza, familia hutaja siku ya mazishi, hasa pale mwili uliposafirishwa kutoka Dar es Salaam. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa 2003, safari hiyo wakati wa masika iliweza kuchukua siku kadhaa. Pili, wazee wa pwani wakisema alifariki usiku wa Ijumaa, wanakusudia usiku unaoanza Alhamisi jua likizama. Kalenda ya ukutani itakupa siku tofauti. Linganisha na cheti cha kifo, na kama hakuna cheti andika mwezi na mwaka tu.

Kuna mtego mwingine kwenye vyeti vya vyuo vya nje. Wachina, waliotusaidia kujenga kituo cha wanamaji cha Kigamboni, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Cheti kikionyesha 73.4.11 maana yake ni tarehe 11 Aprili 1973. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 4/11 yao nayo ni Aprili, wakati cheti cha Mwingereza chenye tarakimu hizohizo ni cha Novemba. Ukikosea hapo, mtu atakuwa amehitimu kabla ya kuanza masomo, na mwenye macho makali akiliona hilo hataamini kurasa zinazofuata.

Vyeo viandikwe kama vilivyo kwenye barua ya kustaafu. Kwa miaka mingi wanamaji wetu waliitwa kwa vyeo vya nchi kavu, na baadaye vyeo vya kimaji vikaanza kutumika. Katika vyeo vya kimaji, kapteni analingana na kanali wa nchi kavu, na luteni analingana na kapteni wa nchi kavu. Ukichanganya mifumo hiyo miwili unaweza kumpandisha au kumshusha mtu ngazi kadhaa, na watoto wake watalichukulia kama dharau. Usitafsiri cheo. Kinakili.

Sasa moyo wa ukurasa, yaani utumishi wenyewe. Nakusihi usimuulize mjane mume wake alikuwa mtu wa namna gani. Atakujibu alikuwa mtu mwema mwenye ushirikiano na watu, na utarudi na kurasa zinazofanana kuanzia mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Muulize nguo zake zilinuka nini akirudi zamu. Zikinuka dizeli, alikuwa wa injini. Zikinuka rangi na grisi, huenda alikuwa wa deki. Muulize makovu yake yalikuwa wapi. Kamba ya kufungia chombo gatini ikivuta ghafla huchuna kiganja, na bomba la moshi wa injini huunguza mkono kati ya kiwiko na kifundo. Muulize kama katika uzee ilibidi wampigie kelele ndipo asikie. Boti zile za doria za aina ya Shanghai zilikuwa na injini nne za dizeli katika nafasi finyu, na juu mizinga ya milimita 37 na ya milimita 25, kila mmoja wenye mitutu miwili. Aliyekaa miaka mingi chini na injini, au karibu na mizinga, aliweza kulipa kwa masikio yake. Hilo liandikwe, kwa sababu ni sehemu ya utumishi aliyokwenda nayo nyumbani na ambayo hakupewa nishani yake.

Andika pia alichowafundisha wengine. Nani alijifunza kwake kusoma ramani ya bahari, kupima kina, kutengeneza pampu ya mafuta? Wanafunzi wake wengine wako bandarini na kwenye vyombo vya uvuvi mpaka leo, na ni mashahidi bora kuliko ndugu wa damu, maana walimwona akiwa kazini.

Yapo ya kuacha. Usiandike vituo vya doria, mipangilio ya vyombo, masafa ya redio wala maelezo ya operesheni, hata kama msimulizi ana uhakika nayo. Kiapo hakikomi kwa kustaafu, na marehemu wangekataa. Sababu ya kifo iandikwe kwa idhini ya familia tu; ikiwa ni ugonjwa ambao hawataki utajwe, "baada ya kuugua" inatosha. Wake na watoto waandikwe wote, au wasiandikwe kabisa. Ukimtaja mke wa Mtwara ukamwacha wa Kigamboni, kitabu kitakuwa kielelezo kwenye kesi ya mirathi.

Kuhusu makaratasi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mchwa hawachagui. Usichukue hati za familia kwenda nazo kwako. Zipige picha palepale barazani, kivulini, asubuhi, juu ya kitambaa cheusi kilichonyooshwa, bila mwanga wa simu, na simu iwe sambamba na karatasi. Piga mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya picha ndiko kwenye majina. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Ipige humohumo, ukisimama pembeni kidogo ili usijione. Na uwasihi vijana wasiende kulamineti vyeti vya asili. Lile joto huweza kuharibu picha na mihuri, na ukishafunga hufungui tena. Bahasha ya karatasi ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, lililoinuliwa kutoka sakafuni, inatosha.

Makaburi tuyatafute sambamba na hayo. Mengine hayana jiwe, na anayejua lilipo kaburi ni mchimbaji au imamu wa msikiti wa karibu, ambao nao wanazeeka. Simama miguuni pa kaburi, chukua alama ya mahali kwa simu, andika pia kwa maneno: upande gani wa njia, karibu na mwembe upi. Wanajeshi waliofia Msumbiji wana makaburi yao hapa Naliendele, na wa vita vya Kagera wako Kaboya, Muleba. Majina ya huko nitayasoma kwenye mawe yenyewe, na pale jiwe linapotofautiana na cheti tutaandika yote mawili.

Umeuliza tuwapange vipi. Si kwa cheo. Chuo cha wanamaji cha Marekani kule Annapolis, kilichoanzishwa 1845, kina ukumbi wa kumbukumbu ndani ya Bancroft Hall, na wahitimu waliokufa kazini wameorodheshwa humo kwa mwaka wa kuhitimu. Admeri na luteni kijana wanakaa pamoja kwa sababu walihitimu pamoja. Sisi ni kozi moja, basi tufuate alfabeti, na aliyefia kitandani Masasi asiwekwe nyuma ya aliyefia kazini. Wote waliapa kiapo kimoja.

Na lile la kuwakumbuka baharini. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, inafaa, lakini ujue hiyo ni kusi kamili, msimu wa upepo wa kusini. Tutoke alfajiri, tuwe tumerudi kabla ya saa nne, maana upepo ukishapanda, mawimbi nje ya mlango wa ghuba hayawafai wajane. Tuangalie jedwali la maji kwanza: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hupanda na kupwa zaidi ya mita 3, na mkondo mlangoni huwa na nguvu, kwa hiyo kama tarehe itaangukia bamvua tusubiri maji yasimame. Kila abiria awe na jaketi lake la kuokolea kabla ya kupanda. Shada liwe la majani na maua yaliyofungwa kwa ukili, bila waya wala plastiki.

Majina yasomwe polepole, kila jina na mlio mmoja wa kengele. Mwisho zipigwe nane, mbilimbili. Waeleze watoto sababu: zamu baharini huchukua muda wa saa nne, kengele hupigwa kila nusu saa, na ya nane ndiyo inayosema zamu imekwisha, mwingine ashike. Dua na sala zifanywe nchi kavu, kila familia kwa dini yake, hitma kwa Waislamu na misa kwa Wakristo, pasiwe na haja ya kuzichanganya.

Kabla ya kumwingiza mtu kitabuni, watu wawili wasiotoka nyumba moja wathibitishe kuwa amefariki. Majina yanafanana mno huku kwetu, na kumwandikia aliye hai ukurasa wa marehemu ni jeraha kwake na kwa wanawe.

Wewe chukua Lindi, Kilwa na Nachingwea. Mimi nitashika Mtwara, Newala, Tandahimba na Masasi. Kurasa zako nitumie kwa basi kadiri zinavyokamilika, usisubiri zijae. Ningependa za Newala na Tandahimba nizimalize kabla ya Oktoba, kwa sababu korosho zikianza kudondoka hakuna utakayemkuta nyumbani mchana.

Wako katika kozi,
Mwenzako wa Mtwara