Mwenzenu akitolewa, tokeni naye

Mhariri,

Miaka niliyofanya kazi ya uandishi wa habari, kitu kilichonitesa zaidi kwenye mikutano ya serikali na wanahabari ni kipaza sauti. Ofisa hakiachii mkononi. Unauliza, kabla hujameza mate kimeshahamia kwa mwingine. Kigogo akizunguka mbuyu, huna namna ya kumwambia, "Mheshimiwa, bado hujanijibu." Swali la pili ndilo humbana mtu, na ndilo linalozimwa.

Sasa anazuiwa mwulizaji mwenyewe. Februari 2025 Ikulu ya Marekani iliwafungia mlango waandishi wa shirika la Associated Press, wasiingie ofisini kwa Rais wala kwenye ndege yake, kisa shirika hilo liliendelea kuandika "Ghuba ya Mexico" badala ya jina jipya alilotaka Rais. Neno moja tu! Aprili jaji akaamuru warudishwe. Juni mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya amri hiyo. Kesi huchukua miezi, na habari ya leo haingoji.

Ndiyo maana nawaenzi waandishi wa London. Tarehe 3 Februari 2020, katika ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, waliitwa majina na kupangwa pande mbili za zulia: hawa watapewa maelezo, wale waondoke. Walioruhusiwa kubaki, wakiwemo wa televisheni kubwa, wakatoka pamoja na waliofukuzwa.

Nakubali viti vina idadi, na si kila mtu ataenea. Basi iwekwe zamu inayojulikana, isiyotazama nani jana aliandika nini. Maelezo yanayotolewa pale ni ya mwananchi, na mwandishi ametumwa na huyo huyo.

Naijua hofu yenu wahariri: tukitoka, mshindani atabaki na habari peke yake. Kwa hiyo pataneni mapema, kabla ya siku ya mkutano, kwamba akizuiwa mmoja hakuna anayeingia. Na swali lililokataliwa lichapisheni lilivyo, ukurasa wa kwanza, pamoja na cheo cha aliyekataa kulijibu. Lirudieni kesho yake, na keshokutwa, mpaka ajibu.

Mwanahabari mstaafu