Barua kwa Mwende, habari ya moshi

Mwende mwanangu,

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye WhatsApp unanijibu kwa kidole gumba. Ile picha aliituma mjomba wako kwenye kundi la familia, akidhani anakusifu. Wote wakaandika hongera. Mimi nikaivuta ikawa kubwa, nikakutafuta uso: leso shingoni, moshi mweusi juu ya kichwa, tairi tatu zinawaka miguuni pako ili upate waya wa sanamu zako. Leso shingoni, Mwende. Shingo haipumui.

Sikukatazi kazi, uelewe hilo kabla hujaikunja barua. Nilikuja kwenye maonyesho yenu mwezi wa tano. Nilisimama nyuma kwa sababu ya viatu vyangu. Nikamwona fahali wako wa waya. Pembe bado, zimeelekea mbele mno, fahali wa Mwala hawako hivyo, muulize nyanya yako. Lakini shingo uliipata kabisa, hata nikamwambia mtu nisiyemjua kwamba aliyemtengeneza ni binti yangu.

Unasema waya usiopita motoni hauna hadithi. Ukanitajia msanii Gor Soudan, aliyesuka kazi zake kwa waya wa tairi zilizochomwa barabarani wakati wa ghasia. Sawa, nimeulizia habari zake. Yeye aliokota waya baada ya moto kuzimika. Ule moto haukuwa wake, ulikuwa wa hasira za watu, ndiyo maana waya wake una la kusema. Wewe unanunua tairi kuukuu, unaiwasha mwenyewe nyuma ya karakana. Hiyo hadithi ni ya nani?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafuatilia wasanii wenzako jioni, kwa simu ya mama yako. Cyrus Kabiru anaokota vyuma vya mitaani anatengeneza miwani, hakuna moshi. Dickens Otieno anakata makopo ya soda vipande vyembamba, anayafuma kama kitambaa. Atajikata kidole, basi. Kaloki Nyamai anashona turubai zake kwa uzi, na hadithi anazitoa kwa nyanya yake, Mkamba kama wako. Nyanya unaye, na uzi upo tele soko la Gikomba. Na hao jirani zenu, kundi la sanaa la Wajukuu, hapo Lunga Lunga mtaani Mukuru, mwaka 2022 walisimamisha mabati kama ya Mukuru kwenye maonyesho ya sanaa huko Kassel, Ujerumani, wakarudi na tuzo. Mwenzao Ngugi Waweru anatumia visu vilivyonolewa mpaka vikaisha. Visu! Kila mtu amechukua kinachomzunguka. Sijaona aliyeambiwa lazima kiingie kifuani kwanza.

Wanasema huyo Kabiru, alipomtaka baba yake miwani, aliambiwa ajitengenezee. Mama yako aliposoma hapo alinitazama. Nikajifanya natafuta chaja.

Kisha kuna wale wasanii wa kundi la Maasai Mbili wa Kibera, walioanza mwaka 2001. Walikuwa waandishi wa vibao kama mimi. Wao walijua kwamba kibao ni picha. Mimi nilichora ng'ombe wa bucha miaka kumi na tisa, nikidhani naandika bei ya nyama. Halafu yakaja mabango ya plastiki na mashine zake, nikahamia kupuliza matatu rangi. Huko gereji unakujua, sina haja ya kukusimulia. Kuna moja tu hulijui. Ulipolazwa ukiwa na miaka minne, daktari aliniuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Nikasema hakuna. Ilikuwa kweli. Hakuuliza unashinda wapi mchana, nami sikumwambia.

Kwa hiyo nikikusumbua na moshi, nivumilie.

Sasa sikiliza. Nenda soko la Kariokor kwa wale wanaotengeneza akala, viatu vya tairi. Wanaikata tairi kwa kisu, na ule ukingo wenye waya mzito hauwafai kwa viatu. Uombe, au ununue kwa bei ndogo. Ukisema waya huo ni mweupe mno, uache nje mvua ya Novemba iufanyie kazi. Kutu hupaka rangi kuliko mimi. Na kama ni lazima moto, basi simama upande upepo unakotoka, na hiyo leso uipandishe, japo leso ni bure tu kwa moshi wa tairi. Pampu yako ya pumu unatembea nayo? Usiniambie iko kwenye mkoba. Mkoba uko wapi?

Hapa kwetu maji ni Jumanne na Ijumaa. Tokeni za stima zinaisha kama sukari, na mama yako anasema ni friji, mimi nasema ni televisheni yake. Zile elfu mbili ulizotuma zilifika, ungezinunulia chakula. Umekonda kwenye ile picha, au ni moshi. Ngazi yangu mliyoazima ya maonyesho haijarudi, na si ngazi ya kuchomelea chochote.

Mwenye ploti anataka sebule ipakwe upya kabla ya Desemba, kazi amenipa mimi, atakata kwenye kodi. Nimeanza kukwangua ile rangi ya krimu niliyopaka wakati ule. Chini yake buluu yako bado ipo, karibu na swichi. Nimemwambia ule upande utachukua muda.

Barakoa nimempa kijana wa boda akuletee pamoja na barua hii. Ni ile ya mpira yenye vichujio viwili, mpya, si yangu ya gereji. Ikibana pua, legeza mkanda wa nyuma, usiukate. Vichujio usivioshe. Vikijaa utajua kwa harufu, uniambie nitafute vingine.

Baba yako