Barua kwa wifi yangu: mpeleke mtoto maktaba kabla hajajua kusoma

Wifi yangu mpenzi,

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea wewe na wote hapo Chake Chake afya njema, naomba nijibu ulilonieleza kwenye simu, kwamba mtoto wa miaka mitatu hana la kufanya maktaba kwa sababu herufi hazijui na kutulia hawezi. Nakujibu hadharani kwa kuwa maneno hayo nayasikia kwa wazazi wengi hapa Unguja, na kwa kuwa najua hutanikasirikia. Ukinikasirikia, kaka yangu atatusuluhisha.

Fikra hiyo naijua ilikotoka. Sisi tuliikuta maktaba ikiwa mahali pa kujisomea mitihani, na mtu akiaga kwamba anakwenda maktaba ya Maisara, nyumbani walielewa kuwa mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Kipindi cha watoto wadogo ni jambo jingine kabisa. Hutandikwa mkeka, viatu huvuliwa, na msomaji hufungua kitabu chenye picha kubwa akakigeuzia watoto, nao huimba, hupiga makofi na kumkatiza kila wanapotaka. Mwanao hatashangaa, maana bibi yake humwambia "Paukwa!" naye huitikia "Pakawa!" tangu hajaweza kulitamka jina lake sawasawa. Hata ile elimu ya vituo vya Tucheze Tujifunze, ambako watoto wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa vipindi vya redio, ilijengwa juu ya nyimbo na michezo.

Kinachoongezeka maktaba ni kitabu chenyewe. Mtoto huona kwamba hadithi ina mahali inapokaa, kwamba ukirudi kesho utaikuta na maneno yake yale yale, na kwamba kurasa zina mpangilio. Hapo watoto wetu wana mtihani wao wa pekee, na mimi nauhesabu kuwa ni utajiri: juzuu ya chuoni, anakosomea Kurani, hufunguliwa kutoka kulia, kitabu cha hadithi hufunguliwa kutoka kushoto. Mtoto aliyevishika vyote viwili mapema hujua mwenyewe kila kimoja kinaanzia wapi, na akifika skuli ya maandalizi mwalimu hana haja ya kumgeuzia kitabu mkononi.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni kwamba usimwache mlangoni ukaenda zako sokoni. Kaa naye, usikilize jinsi msomaji mzuri anavyouliza: huyu nani, anakwenda wapi, unadhani atafanya nini sasa? Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa takriban umri wa mwanao, ambao baadhi ya wazazi wao walifundishwa kuuliza maswali ya namna hiyo wakati wa kuwasomea. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao walikuwa wamewatangulia kwa miezi kadhaa katika kujieleza wenzao waliosomewa kwa mtindo wa kawaida. Faida kubwa, basi, imo katika mazungumzo, na mazungumzo hayo ni wewe utakayeyaendeleza nyumbani usiku, hata siku ambayo maktaba haina kipindi.

Kuhusu lugha, usihangaike. Vitabu vingi vya picha utakavyovikuta rafuni ni vya Kiingereza, nami naona wazazi wanavyojikaza kuvisoma hivyo hivyo, wakitarajia kumtayarisha mtoto kwa masomo ya madarasa ya juu. Mtoto wa miaka mitatu anayesomewa maneno asiyoyaelewa hutazama dirishani, na ana haki. Ifuate picha, umhadithie kwa Kiswahili, naye akikujibu kwa Kipemba chake mwache aseme. Usimsahihishe mbele ya watu, na mtu mwingine asimsahihishe.

Yaliyobaki ni madogo. Mpeleke akiwa ameshiba na amelala vizuri, wala si mara tu baada ya kutoka chuoni. Keti karibu na mlango ili akichoka mtoke bila ya kuwavuruga wengine, na akitaka kuondoka katikati ya hadithi, ondokeni. Mkifika nyumbani usimfanyie mtihani wa aliyoyasikia. Mwambie akamhadithie bibi yake, hata akichanganya sungura na fisi. Ratiba za vipindi hubadilika, hasa Ramadhani na wakati wa likizo, kwa hiyo pita hapo maktaba ya Chake Chake uulize kabla hujamvalisha mtoto nguo za kutokea. Uliza pia masharti ya kuazima vitabu, na usiogope habari ya kurasa kuchanika, kwani wakutubi wa watoto wameyazoea hayo kuliko sisi.

Mkija Unguja kwa Sikukuu, nitampeleka Maisara mimi shangazi yake, nawe utapata nafasi ya kulala hadi adhuhuri. Nisalimie kaka, na umwambie zamu ya kumsomea mtoto ni yake pia.

Wako,
Wifi yako wa Unguja