Kaskazini mwa Quebec kuna wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu umeme wa maji wa Kanada, pale mlipoandika kwamba mabwawa ya jimbo la Quebec yalijengwa kwenye nyika isiyokaliwa na mtu. Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi, naishi Montreal, na kazi hunipeleka huko kaskazini. (Naam, hata kwenye barafu maduka yanahitaji majokofu. Msinicheke.)

Mei iliyopita ukungu ulitukwamisha Kuujjuarapik, kwenye mwambao wa Hudson Bay, nikisubiri ndege ya kuendelea mbele. Barabara haifiki pale. Watu huja kwa ndege, mizigo mizito huja kwa meli barafu ikishayeyuka. Ni vijiji viwili vilivyopakana: Kuujjuarapik ya Wainuiti na Whapmagoostui ya Wakri (zote mbili ni jamii za wenyeji asilia), na Wakri wa hapo ni kama elfu moja hivi. Ukumbi wa abiria ulifurika hata nikakalia sanduku langu la vifaa. Ulikuwa msimu wa mabata bukini. Kila majira ya kuchipua shule za Wakri hufungwa ili familia ziende porini kuwinda, kwa hiyo kwenye mizani ya mizigo yalipita masanduku ya nyama ya bukini, yakipelekwa kwa ndugu walioko mbali. Wazee waliongea Kikri, watoto wakawajibu kwa Kikri, na karani hakugombezwa na mtu kwa ajili ya ukungu. Huko nyika yenu isiyokaliwa na mtu, mimi nilikosa kiti.

Bibi mmoja alitaka kujua nimetoka wapi na kwa nini nimevaa koti jepesi vile. Mjukuu wake akawa mkalimani. Nilipomwuliza kuhusu mto mkubwa unaomwaga maji hapo karibu, alinyoosha mkono kuelekea bara na kutaja, moja baada ya nyingine, sehemu ambazo familia yake huweka kambi. Mjukuu alichoka kutafsiri kabla bibi hajachoka kutaja.

Mhariri, mto huo ulikuwa umepangiwa mabwawa. Na habari za mabwawa hazikuanzia hapo. Mwaka 1971 waziri mkuu wa jimbo, Robert Bourassa, alitangaza mradi wa umeme wa maji wa James Bay bila kuwauliza Wakri. Wao walipata habari hizo kwenye vyombo vya habari kama mtu mwingine yeyote. Wakaenda mahakamani. Novemba 1973 Jaji Albert Malouf akaamuru kazi isimame, na wiki moja tu baadaye mahakama ya rufani ikairuhusu iendelee. Kilichopatikana ni mkataba wa Novemba 1975, ulioambatana na fidia ya dola milioni 225 za Kanada kwa Wakri na Wainuiti, pamoja na utaratibu wa kuwalipa wawindaji ili waendelee kuishi porini. Maji yalipojaa kwenye mabwawa ya mto La Grande, samaki wakaonekana na zebaki. Watu wa Fort George walihamishwa kutoka kisiwa chao, ndio hao wa Chisasibi ya leo.

Ndiyo maana zamu ya mto wa yule bibi ilipofika, watu hawakukaa kimya. Mwaka 1990 Wakri na Wainuiti walitengeneza chombo kimoja, mbele mtumbwi wa Wakri, nyuma kayaki ya Wainuiti, wakakiita Odeyak, wakakipiga makasia hadi New York, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na wateja wa umeme. Novemba 1994 Jacques Parizeau, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, akausimamisha mradi wa mto huo. Mto bado unatiririka hadi baharini.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mliandika kana kwamba watu hao, kama wapo, ni wa kuhurumiwa. Ndege ya pangaboi iliyotua ukungu ulipopasuka ilikuwa ya Air Creebec. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1982, na tangu 1988 ni mali ya Wakri wenyewe kwa asilimia mia moja. Sikupanda mimi, ilikuwa inaelekea kusini. Lakini niliona aliyekuwa akipakia masanduku ya bukini akitaniana na rubani, nikajiuliza mwandishi wenu aliangalia ramani gani.

Ombi langu ni dogo. Sahihisheni sentensi ile. Na mkiandika tena juu ya umeme huo, tajeni majina ya vijiji vya Wakri: Chisasibi, Wemindji, Eastmain, Waskaganish, Whapmagoostui. Yote yamo kwenye ramani za serikali ya Kanada, na nchi yao yenyewe inaitwa Eeyou Istchee.

Msomaji wenu,
Montreal, Kanada