Mkeka uingie darasani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUFUNDISHA UWEZEKANO KWA MIKEKA YA KUBETI

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Kwa miaka mingi mada ya uwezekano tumeifundisha kidato cha nne kwa sarafu, dadu na mipira ya rangi ndani ya mfuko. Wanafunzi wanapata vema zao, kisha jioni wanakaa kijiweni na kaka zao wakiamini kwamba dubwi, ile mashine ya kamari, lililokula hela tangu asubuhi sasa lazima liteme. Mashine haikumbuki chochote. Hilo tumelisema kuhusu sarafu. Kuhusu dubwi tumenyamaza.

Naomba mkeka wenyewe, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa pamoja na zote lazima zitiki, uwe swali. Mechi 10, kila moja odi (namba inayozidishwa na dau ukishinda) 1.50. Ukizidisha, odi ya jumla ni kama 57.7: buku (shilingi 1,000) linazaa zaidi ya shilingi 57,000. Hapo ndipo vijana wanapoishia kuhesabu. Tuendelee nao. Tuseme kila timu ina uwezekano wa asilimia 63 kushinda, chini ya asilimia 67 hivi (1 ÷ 1.50) inayolingana na odi hiyo, maana kampuni hupunja odi kidogo ili ibaki na chake. Mechi zote 10 kutiki ni asilimia 1 tu. Kwa wastani, kila buku linarudisha shilingi 570 hivi. Kwa mechi moja pekee lingerudisha 945. Kila mechi inayoongezwa ili mkeka unone, makato yanaongezeka.

Ipo hesabu ninayoitaka zaidi, kwa sababu ndiyo inayowarudisha dirishani kesho yake. "Mechi moja tu imenichania mkeka!" Kijana anaona alikaribia. Kwa mkeka huohuo, kukosa mechi moja tu kuna uwezekano wa karibu asilimia 6, mara sita ya kutiki zote. Ni jambo la kutarajiwa, na halimsogezi popote.

Wapo watakaosema tunawafundisha watoto kamari. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, na iendelee kukataza. Lakini matangazo wanayasikia redioni kila siku, na wengi wanaacha shule kabla ya kufika kidato cha nne. Ndiyo maana naomba mada hii ishuke hadi kidato cha pili, wakiwa wameshajua sehemu na asilimia, na iulizwe kwenye mtihani wa upimaji. Sisi walimu tukibanwa na muda, kisichoulizwa tunakiruka.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa hisabati, Morogoro